Nililea Viwavi, Nikakagua Leso

Vijana wa kanisa letu hapa Kivaa, mliniomba nije niwaeleze kazi niliyofanya hadi nikastaafu, kwa sababu baadhi yenu mnasomea kilimo na mmoja wenu ameandikwa kazi mahali palepale nilipokuwa. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, kwa hivyo nimeandika. Nilisoma hadi darasa la saba. Mkiona nimekosea jina la kisayansi, rekebisheni wenyewe, na msinicheke sana.

Kazi yangu ilikuwa kulea viwavi. Si kuua, kulea. Nilikuwa nikiwalisha, nawasafishia vyombo, nawapangia joto na baridi, kisha nawapeleka shambani nikawaweke kwenye mahindi wayale. Nilifanya hivyo miaka mingi katika kituo kimoja cha utafiti upande wa Machakos mjini, na mwisho wa mwezi nilikuwa nikishuka Kivaa kuona nyumba.

Habari hiyo ilipofika kijijini mara ya kwanza, ilikuwa kichekesho. Aliyecheka zaidi ni dada yangu Mwikali, yule ambaye wengi wenu mlimsindikiza kaburini kabla ya mvua hizi kuanza. Alikuwa anarudi kutoka soko la Kithyoko, akanikuta mlangoni kwangu, akaweka mzigo chini ili apate kucheka vizuri.

"Ati unalipwa kulea viwavi? Si ungekuja kwangu. Mimi niko nao wengi, na ninawalea bure."

Ilikuwa kweli. Shamba la Mwikali lilikuwa na kiwavi yule anayetoboa bua. Anaingia kwenye majani machanga katikati ya mmea, anatoboa majani, kisha anashuka ndani ya bua na kulila kutoka ndani. Ukipita unaona shamba la kijani. Upepo ukija, mimea inaanguka kama watu waliokatwa magoti. Mwikali alikuwa akitia majivu na udongo mkavu katikati ya majani, jinsi mama yetu alivyotufundisha, na baadhi ya viwavi walikufa na wengine hawakufa. Mumewe alikuwa mgonjwa, watoto walikuwa wadogo. Mahindi yakianguka, kwake hakukuwa na kitu kingine cha kuchemsha na maharagwe.

Sasa niwaeleze kwa nini mtu alee adui. Mahindi tuliyokuwa tukiyapima yalitengenezwa maabara, mbali na sisi. Wataalamu walichukua jeni ya bakteria fulani wa udongoni, wakaiingiza ndani ya mmea, na mmea ukaanza kujitengenezea kitu ambacho kiwavi akikila tumbo lake linaharibika na anaacha kula. Kwa mtu hakifanyi hivyo, ndivyo tulivyofundishwa, na kulikuwa na watu wengine ambao kazi yao ilikuwa kupima hilo. Sisi kazi yetu ilikuwa kiwavi. Ukitaka kujua kama mmea unamshinda kiwavi, lazima kiwavi awepo, tena awe kwa kila mmea kwa usawa. Wa porini hawafai. Wanakuja wakitaka, wanatua wanapopenda, kisha unabaki hujui kama mmea umeshinda au haukuguswa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, mkubwa wa nyumba ya wadudu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, unaogopa viwavi?"

"Siogopi. Nawachukia."

"Hiyo ni sawa. Hata mimi siwapendi. Lakini asubuhi lazima wakule."

Chakula chao tulikipika. Unga wa maharagwe, unga wa majani makavu ya mahindi, hamira, vitamini, na kitu cha kugandisha, hadi kikipoa kiwe kama uji uliolala. Mzee Kilonzo alikuwa akikoroga sufuria na kunung'unika: "Kiwavi anakula maharagwe na vitamini. Mimi nyumbani nangojewa na sukuma wiki." Lakini kama chakula kilishika chini kidogo alikimwaga chote na kuanza upya. Jambo hilo lishikeni. Chakula kilichoungua hakiui viwavi, kinawadhoofisha tu, na kiwavi dhaifu akifa kwenye mmea utasema mmea ndio umemuua. Utakuwa umesema uongo bila kufungua mdomo.

Mengine ya kushika ni haya. Miguu ya rafu isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu ya gari, la sivyo sisimizi watapanda na kubeba mayai yote. Usijipake mafuta yenye harufu ukija kazini. Na msafishaji akija mpya, mwambie mwenyewe, kwa mdomo, usitegemee karatasi iliyobandikwa mlangoni. Tulipata mama mmoja mwenye bidii sana, akaona mende kwenye korido, akanunua dawa ya kupuliza kwa pesa yake mwenyewe na kupuliza nyumba nzima. Asubuhi viwavi wote walikuwa wamelala chali. Alikuwa amesimama pale akingoja kushukuriwa. Mzee Kilonzo alimtazama, akamwambia, "Umefanya kazi nzuri, mama. Sasa twende tukunywe chai, kwa sababu hatuna kazi nyingine."

Kiwavi akikomaa hugeuka nondo, na nondo wa kike hutaga mayai kwenye karatasi ya nta. Tulikuwa tukiyaangalia hadi yawe na vichwa vyeusi, maana hapo yako karibu kuanguliwa. Kiwavi akitoka ni kama nukta ya kalamu. Unamchukua kwa brashi laini ya kuchorea. Usimbane. Mguse tu, ataning'inia kwa uzi wake mwenyewe, kisha unamshusha katikati ya majani machanga. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema au jua likipoa. Jua la saa sita la Machakos humkausha kabla hajauma jani la kwanza.

Baadaye unarudi kupasua mabua na kuangalia ni nani yuko hai. Hapo ndipo watu hushindwa, na si kwa sababu ya macho. Mwenzetu mmoja alipasua bua kwenye upande wa mahindi yale mapya, yale ambayo kiwavi hatakiwi kuishi, akakuta mmoja yu hai na anatembea. Akaja kwa Mzee Kilonzo akinong'ona. Alikuwa anaogopa Daktari atakasirika. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, mkubwa wetu sote, aliyependa sana majaribio yale yafaulu.

"Kiwavi ako hai?" Mzee Kilonzo akauliza.

"Ako hai, lakini ni mmoja tu, na ni mdogo."

"Basi andika ako hai, ni mmoja, ni mdogo. Yeye hajui tunataka afe."

Yule mwenzetu akaandika. Daktari alikunja uso aliposoma, akaja shambani mwenyewe kuona bua, akasema, "Asanteni." Hiyo ndiyo sababu hadi leo nasema mahindi yale yalimshinda kiwavi kwa sehemu kubwa sana, na sisemi yalimshinda kabisa. Niliona kwa macho yangu.

Shamba la majaribio lilikuwa na ua na lango moja lenye kufuli. Mimea ikichanua, tulikuwa tukifunika maua ya juu kwa mifuko ya karatasi, ili mbelewele, ule unga wa maua, isipeperuke kwenda mashamba ya watu. Majirani walikuwa wakituuliza ng'ambo ya ua kwa nini mahindi yetu yamevaa kofia, yanaenda kanisa gani. Sheria ilikuwa rahisi. Mahindi yale yalikuwa hayajaruhusiwa, kwa hivyo hakuna kitu kinachotoka, si jani, si punje. Hakuna kuonja, hakuna kutafuna bua. Wakati wa kuvuna tunapima na kuhesabu, kisha yote yanachomwa shimoni humohumo ndani na kufukiwa. Punje moja ingeonekana nje, majaribio yangefungwa na kazi ya miaka ingeisha hapo, pamoja na ajira zetu sote.

Watu wa kuvuna walikuwa akina mama wa vibarua. Mwaka wa kwanza walielezwa kila kitu, wakaitikia, wakaingia. Mchana Daktari alipopita akakuta mwisho wa kila mstari kichungu kizuri cha mahindi bora kabisa, marefu, yaliyojaa hadi nchani, maganda yamevutwa nyuma na kufungwa mawili mawili.

"Hii ni nini?" akauliza.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akajibu, "Ni mbegu, Daktari."

Hawakuwa na nia ya kuiba. Mwanamke Mkamba akivuna, mkono wake huchagua mbegu wenyewe. Hindi zuri haliingii kwenye gunia. Linafungwa kwa maganda na kutundikwa juu ya mafiga, moshi ulilinde na wadudu hadi mvua irudi. Hata mimi niliyewaeleza sheria nilikuwa nimeviona vile vichungu tangu asubuhi, na macho yangu hayakushtuka. Ilibidi vifunguliwe vyote. Shimo lilipowashwa, akina mama walisimama pembeni. Mmoja mzee alivua kitambaa cha kichwa, jinsi watu wanavyofanya jeneza likishushwa. Ulikuwa mwaka wa njaa. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilienda mbali.

Msimu uliofuata Mwikali alikuja kwangu Machakos na kiondo. Kwetu mwanamke akija kwa dada yake na kiondo kitupu kabla ya mvua, hamuulizi amefuata nini. Unamtilia mbegu. Sijawahi kuona anayenyimwa. Nilimpikia chai, nikamtilia maharagwe na mbegu za kawaida nilizonunua dukani.

Akatazama ndani ya kiondo. "Hii ni ya duka."

"Ndiyo."

"Sikukuja kwa ajili ya duka. Nataka ile yenu."

"Ile haitoki, Mwikali."

"Mstari mmoja tu. Nitapanda pale nyuma ya bafu, hakuna mtu atajua."

"Upepo utajua. Yatachanganyika na ya jirani."

"Jirani naye si atashukuru?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini alikuwa hachezi. Aliniambia shamba limeanguka misimu miwili mfululizo, na wa tatu ukianguka atapeleka watoto kwa shemeji zake. Nilimweleza tena. Nilimwambia sijui kama mahindi yale yana ubaya, lakini kusema yana uzuri si kazi yangu, kuna watu wa kusema hivyo na bado hawajasema. Akaondoka na maharagwe tu, mbegu za duka akaziacha.

Nilichoweza kumpa ni kibarua. Nilimwombea kwa Daktari wakati wa kuvuna, nikasema wazi kwamba ni dada yangu na kwamba ni mchapakazi. Alikubaliwa. Akina mama walikuwa wakivaa ovaroli zisizo na mifuko, lakini waliruhusiwa kufunga leso kiunoni, maana bila leso mgongo hauwezi kuinama siku nzima. Jioni, mmoja mmoja, walikuwa wakisimama langoni juu ya turubai, wanakung'uta viatu, wanakung'uta leso, wanatoka. Anayekagua wanawake lazima awe mwanamke. Ukimtoa Daktari, mwanamke mwenye kazi ya kudumu nilikuwa mimi peke yangu.

Siku ile ya mwisho ya kuvuna, walipita wengi. Niliwaambia wakung'ute, wakakung'uta, wakapita. Mwikali akaja. Akavua viatu akavipiga. Akafungua leso akaikung'uta, upande mmoja. Nikasema, "Fungua pindo."

Akasema kwa sauti ya chini, "Mwana wa mwaitu." Maana yake mtoto wa mama yangu.

"Fungua pindo, Mwikali."

Nilinyoosha mkono, akanizuia. Akafungua mwenyewe. Lilikuwa limefungwa fundo mara mbili, akatumia meno. Ndani kulikuwa na punje za mahindi, konzi moja, safi, nzuri, za kuchaguliwa. Akazimimina juu ya turubai mbele ya wote.

Sheria ilisema kila kinachopatikana kionyeshwe. Nikamwita Daktari, akaja, akatazama chini.

"Unamjua huyu?"

"Ni dada yangu. Nilikuambia."

"Ndiyo, uliniambia." Hakupaza sauti. Alimwambia Mwikali kwamba hataweza kurudi kufanya kazi pale, akahakikisha amelipwa siku zake zote, kisha punje zikakusanywa hadi ya mwisho zikaenda shimoni. Majaribio yaliendelea. Mwikali alivaa viatu, akajifunga leso, akaenda kutafuta gari la Kyumbi. Sikuweza kumfuata kwa sababu nyuma yake walikuwa wamebaki wanawake wengine wa kukaguliwa.

Mnaweza kuuliza kama nilijuta. Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni lilelile. Leo ningefanya vivyo hivyo. Sikuwa na haki ya kutoa nje kitu ambacho watu wa Kivaa hawajaulizwa kama wanakitaka. Na msimu ambao angezipanda punje zile, mvua ilikatika mahindi yakiwa yanachanua. Kiwavi hakuwa shida pekee ya Mwikali, na mahindi yetu hayakuwa na dawa ya jua. Watoto walienda kwa shemeji zake kweli, wakarudi mwaka mwingine. Haya nayasema kama yalivyokuwa. Hayakunisaidia chochote nilipokutana naye kanisani akanisalimia kwa mkono, "Habari yako, Mama Kioko," kama mtu anayemsalimia mke wa mchungaji.

Hatukugombana. Alikuwa akija kwenye harusi za nyumbani kwangu, nami nikienda kwenye matanga ya kwake. Lakini hakuwahi kuja tena na kiondo. Mbegu alikuwa akinunua Kithyoko, na mimi nilikuwa nikiambiwa na watu. Iliendelea hivyo hadi nikastaafu. Mahindi yale hadi leo hayajafika madukani, naambiwa mambo bado yako kortini, na mimi sina la kuongeza hapo.

Alipougua, nilihamia kwake. Watoto wake wako Syokimau na Nairobi, wanakuja Jumamosi. Tulikuwa tukikaa uani, yeye kwenye kiti chenye mto, mimi nachambua maharagwe kwenye sinia. Mchana mmoja aliniuliza, bila kutanguliza neno.

"Siku ile kwa lango. Wale wengine wote uliwaambia wakung'ute tu. Mimi ukaniambia nifungue pindo."

"Ndiyo."

"Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa maskini kuliko wao?"

Niliona kwamba hicho ndicho alichobeba miaka yote, si punje na si kibarua. Ningeweza kumwambia ilikuwa zamu yake tu, au kwamba nilikuwa nachagua mmoja kila baada ya wengine kadhaa. Angeamini. Alikuwa mgonjwa na mimi ndiye nilikuwa namlisha.

Nikamwambia, "Kwa sababu ya kiwiko."

"Kiwiko gani?"

"Ukibeba kitu kwenye pindo, unabana kiwiko cha kushoto ubavuni. Tangu tulipokuwa tukitumwa chumvi. Ulipotoka mwisho wa mstari nilikiona. Nikajua kabla hujafika."

Kuku walipita katikati yetu.

"Kwa hivyo wale wengine, wangekuwa wamebeba?"

"Wangepita. Sikuvijua viwiko vyao."

"Ningetembea na mkono umenyooka?"

"Ungepita."

Akaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi, nikasimama nimshike mgongo, kumbe anacheka. Alicheka hadi akalazimika kushika kiti. "Miaka yote hiyo," akasema, "mimi najua ulinikagua kama mtu humjui."

"Nilikukagua kama mtu namjua."

"Ni mbaya zaidi," akasema, akajifuta macho kwa leso. Kisha akaniambia nimsogezee lile sinia la maharagwe, kwamba naye pia ana mikono ya kuchambua.